Muulize Kwanza Paka Analala Wapi

Mnanifuata na maswali ya paka kana kwamba nilisomea paka. Nilisomea ng'ombe, jamani. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa afisa mifugo, napanda na kushuka vilima vya Kirua Vunjo na gambuti miguuni, nahimilisha ng'ombe, nachoma sindano, nagombana na wazee kuhusu kupe. Paka hawakuwemo kwenye kazi yangu. Tena paka na mimi hatuivi chungu kimoja. Nikikaa nao karibu macho yanawasha, pua inafunguka, kifua kinaanza kupiga filimbi. Ninyi mnaita aleji, daktari anaita mzio, marehemu mama yangu alisema tu kwamba paka hawanipendi.

Hata hivyo paka ninaye. Sasa hivi ninapoongea nanyi yupo pale kwenye kizingiti cha jiko, ananitazama kwa dharau kama mkwe tajiri. Jina lake Komando. Na kwa kuwa naishi naye na bado napumua, mmeamua kwamba mimi ndiye mtaalamu. Haya, sawa. Nitawaambia ninachokijua, ila nikipotelea kwenye ng'ombe mnivumilie, ndiko nilikokulia.

Nianze na Mzee Ndelilio, maana bila yeye nisingefika popote. Ndiye aliyenipokea kazini nikiwa msichana nimetoka chuoni, ovaroli bado lina mikunjo ya dukani. Siku hizo watu hawakuzoea mwanamke kwenye kazi ile. Nabisha hodi, mtoto anakimbia ndani: "Mama, bwana mifugo amekuja, lakini ni dada!" Mzee Ndelilio alicheka mpaka akashika mti. Lakini kazini hakuwa na mchezo. Tukifika kwa mtu ambaye ng'ombe wake anaumwa, mimi nakimbilia kufungua mkoba wa dawa. Yeye ananishika bega. "Wee binti, funga mkoba. Usimtibu mnyama kabla hujaangalia anapolala." Basi tunaanza kukagua banda, tunainama, tunashika matandiko, tunanusa. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa pale chini, kwenye unyevu na kinyesi, wala haukuhitaji sindano.

Sasa mimi nilikuwa na siri yangu. Nilikuwa napiga chafya kazini. Si chafya moja ya heshima, hapana, mfululizo, mpaka ng'ombe wanashtuka. Macho mekundu, kifua kinabana. Nikajiambia basi, ni ng'ombe, au ni majani makavu, kazi hii imenishinda kabla sijaianza. Nilitaka kuacha, nirudi nyumbani nikauze ndizi. Nilipomwambia Mzee Ndelilio hakunipa pole hata kidogo. Aliuliza, "Koti lako unaliweka wapi ukiwa bandani?"

Nikamwambia nalilaza juu ya robota la majani makavu, palipo pasafi.

"Twende ukanionyeshe."

Tukaenda kwenye nyumba iliyokuwa ikinisumbua kuliko zote. Juu ya lile robota, kwenye shimo dogo lenye joto, alikuwa amelala paka wa mwenye nyumba na watoto wake. Mzee akaninyooshea kidole. "Humo ndimo unamolaza koti. Halafu unalivaa, unakwenda nalo nyumba ya pili, unalala nalo nyumbani. Huna ugomvi na ng'ombe wewe. Ugomvi wako na huyu mama mwenye masharubu."

Tangu siku hiyo koti langu lilitundikwa kwenye tawi la mti wa kahawa nje, mvua inyeshe jua liwake. Chafya zikapungua, kazi ikabaki, watoto wangu wakasoma kwa kazi hiyo. Mzee Ndelilio alishatangulia, lakini kila nikitundika nguo nje namshukuru.

Sasa turudi kwenu. Juzi juzi alikuja hapa Godlisten, yule kijana wa Old Moshi mwenye pikipiki nyekundu. Panya wamemmalizia mahindi darini, na yeye akiona paka tu anavimba macho. Amefungua boksi, kumbe ndani kuna kipaka.

"Shikamoo Bibi. Nimepata huyu, wameniambia hana aleji. Ana manyoya mafupi."

"Marahaba. Nani amekuambia?"

"Aliyenipa, Bibi."

"Aliyekupa alitaka boksi litoke nyumbani kwake."

Sikilizeni vizuri hapa. Paka asiyewasha hayupo, asikudanganye mtu. Kinachotutesa hasa ni mate yake na unga wa ngozi yake. Paka anajilamba mchana kutwa, mate yanakaukia kwenye manyoya, yanapeperuka, yananasa kwenye koti, kwenye kochi, kwenye shuka. Manyoya ni gari tu, abiria ni huo uchafu usioonekana. Ila paka hawalingani. Yuko atakayekutoa machozi kabla hujakaa, na yuko utakayeshinda naye ukapiga chafya kidogo tu ukaendelea na kahawa yako. Mimi mwenyewe niliyaona hayo nikizunguka nyumba za watu, paka wa nyumba moja ya Kilema ananiua, paka wa jirani wa nyumba hiyo hata simjali. Kwa kawaida jike ana nafuu kuliko dume, na dume aliyehasiwa ana nafuu kuliko dume mzima.

Kwa hiyo nikamwambia Godlisten, rudisha boksi. Nenda katembelee nyumba zenye paka. Kaa na paka mmoja, mshike, nenda zako, kesho rudi kwa yule yule. Ukimpenda mmoja, omba kitambaa alicholalia, kiweke sebuleni kwako ukae nacho siku kadhaa. Kitambaa kikikutesa, mwenyewe atakutesa zaidi. Na kama wewe kifua kinabana, achana na macho kuwasha, nasema kifua, basi mwone daktari kabla hujaenda kumshika paka wa mtu yeyote. Mimi ni wa ng'ombe, sitaki kesi.

Hivyo ndivyo paka anavyochaguliwa. Mimi Komando sikumchagua. Niliteremka stendi Moshi mjini kumpokea mjukuu wangu, nikampokea na paka.

Binti yangu Aikande alifia Dar, baada ya kukohoa muda mrefu. Baba wa mtoto alishatangulia zamani. Tulimzika Aikande hapa kihambani, kwenye shamba letu la migomba, na mtoto wake Ndeshi akarudi Dar kwa rafiki wa mama yake kumalizia muhula. Shule ilipofungwa nikaletewa. Akashuka kwenye basi na begi moja na tenga. Alikuwa bado anabadilisha meno. Msibani hakulia, na pale stendi hakulia. Alinipa shikamoo kwa sauti ya mtu mzima, akasema, "Bibi, huyu ni Komando. Ni wa mama. Ni dume."

Nikachungulia. Dume kweli! Kichwa kama embe dodo, mzima, hajahasiwa, amekasirika kwa safari. Kabla hatujafika njia panda nilikuwa napiga chafya. Nikajua huyu ndiye yule ninayewaambia ninyi mumkwepe. Lakini mtoto alikuwa amekumbatia lile tenga kwa mikono yote miwili, na mikono ile ilikuwa ya binti yangu, vidole vile vile. Wazee walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Mimi ua langu lilikuwa na kucha.

Nikafanya ujinga kwanza, ndiyo. Jirani yangu Baba Eliufoo, shemasi wa usharika wetu, mtu mwema anayejua kila kitu, aliniambia, "Mama Mifugo, tatizo ni manyoya. Mnyoe." Na mimi na elimu yangu nikamnyoa. Mwezi wa saba! Mnajua baridi ya huku juu mwezi wa saba. Paka akabaki kama kuku aliyenyonyolewa, anatetemeka, anajilamba kutwa nzima kwa aibu. Ndeshi akakata soksi yangu ya sufu akamvalisha. Na mimi nikapiga chafya kuliko mwanzo, maana anavyozidi kujilamba ndivyo anavyozidi kumwaga yale mate. Baba Eliufoo alipokuja kuona, akakohoa kidogo akasema ana kikao kanisani.

Ndipo nikamkumbuka mzee wangu. Funga mkoba. Angalia anapolala. Nikaangalia. Komando alikuwa analala kwenye kochi ninalokalia, kwenye kikapu cha kanga zangu, na juu ya begi la Ndeshi, chumbani. Yaani alikuwa amejichagulia robota la majani kila chumba.

Basi tukapanga upya. Jiko langu liko nje, mnaliona, la kuni, lina joto. Pale juu ya gunia karibu na mafiga pakawa ndiyo nyumba yake. Ndani ya nyumba kubwa, marufuku. Ndeshi akapewa kanga moja, tukaiita kanga ya Komando. Akitaka kumpakata anaivaa, akimaliza anaitundika nje mlangoni, ananawa mikono na uso kwa sabuni ndipo anaingia. Kumchana manyoya, yeye, uani, upepo ukienda bondeni. Kupiga deki kwa kitambaa kibichi, mimi. Msifagie vumbi kavu, mnalirusha puani tu. Shuka za kitandani tukazifua kwa maji ya moto, mapazia mazito nikayatoa. Na nikampeleka mjini kuhasiwa. Mimi niliyeshika koleo na kuhasi mafahali wa vijiji vizima nilikaa kwenye benchi la daktari natetemeka, Ndeshi ndiye ananipapasa mgongo: "Bibi, hatasikia, amechomwa sindano ya usingizi." Nafuu haikuja kesho yake, ilichukua muda, lakini ilikuja.

Katikati ya hayo kukatokea jambo dogo. Ndama wa Baba Eliufoo alikata kamba, akaingia kwenye majani yangu ya guatemala, malisho niliyoyapanda, akayala yote. Nilimsema shemasi maneno ambayo sitayarudia. Jioni akaja na jani la isale mkononi, lile jani refu la kijani tunalopandia mipaka, akasimama uani bila kusema kitu. Nikalipokea, yakaisha, tukanywa chai. Ndeshi akaniuliza, maana watoto wa Dar hawayajui haya. Nikamwambia, "Kwetu mtu akikosa kosa kubwa analeta isale. Akishalileta amesema yote. Na aliyeletewa hawezi kulikataa."

Sikujua kama amelihifadhi.

Jumapili moja, nimetoka kanisani, baridi imenishika, nikajilaza mchana. Nikaamka sipati hewa. Si chafya, hewa yenyewe haiingii. Kifua kinalia kama mlango mbovu. Nikaona kwenye miguu yangu, chini ya blanketi, amejikunja Komando. Ndeshi amesimama mlangoni, mdomo wazi. Nilitaka kumwambia kamwite jirani, sauti haikutoka. Lakini alikimbia mwenyewe. Baba Eliufoo akanipakia kwenye pikapu yake pamoja na mikungu ya ndizi ya soko la Jumatatu, tukateremka hospitali. Mke wake akabaki na mtoto.

Kule walinisaidia, Mungu awabariki. Daktari, kijana tu, hakunigombeza. Alinieleza kwamba hii sasa ni pumu, akanipa dawa ya kuvuta, inhela, akanionyesha namna ya kuitumia mpaka nikaiweza. Kisha akaniambia wazi: "Bibi, ukiwa na masharti na dawa tunaweza kujaribu. Ukibanwa hivi tena, paka aondoke. Tukubaliane." Nikakubali. Lakini njia nzima kesho yake, tukipanda kurudi, nilikuwa naamua kinyume. Kule Kilema kuna mama alikuwa anatafuta paka wa ghala, alishamwulizia Komando mbele ya Ndeshi. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mtoto. Ilinichoma, mimi ndiye nitakayemnyang'anya kitu cha mwisho cha mama yake.

Tukakata kona ya nyumbani. Ndeshi alikuwa amesimama katikati ya njia. Miguuni pake tenga, limefungwa kwa kamba ya mgomba, Komando analia ndani. Na mikononi ameshika isale. Si jani. Isale zima, kutoka kwenye mzizi, udongo unamdondokea kwenye gauni.

Baba Eliufoo akakanyaga breki. "Yesu wangu! Mama Mifugo, mtoto ameng'oa mpaka!"

Na kweli. Alikuwa ameling'oa kwenye mpaka wetu na wake. Huku kwetu, vijana, kuna ndugu wa damu hawasalimiani mpaka leo kwa isale lililosogea hatua moja. Shemasi akashuka kwenye gari amekunja uso. Akamtazama yule mtoto, udongo mpaka kwenye nywele. Akavua kofia. Akanigeukia, akasema taratibu, "Mpaka nitaurudishia mimi. Pokea kwanza."

Ndeshi akaninyooshea lile shina kwa mikono miwili. "Bibi, nimekosa. Mimi ndiye nilimwingiza. Komando hana kosa. Mpeleke kwa yule mama wa Kilema, nimeshamfunga. Lakini wewe usife."

"Ulimwingiza kwa nini, mama yangu?"

"Ulikuwa umelala. Nikakushika miguu, ilikuwa baridi. Hata mama miguu yake ilikuwa baridi. Komando ana joto."

Nilikaa chini pale pale njiani. Nikalia, sioni aibu kuwaambia, mbele ya shemasi na mikungu yake aliyokosa kuiuza. Na Ndeshi, ambaye hakulia stendi wala makaburini, akaniangukia akalia mpaka gauni langu likalowa. Baba Eliufoo alijifanya anakagua tairi.

Nililipokea lile isale, na udongo wake. Isale halikataliwi. Na mtu akishalipokea hawezi tena kudai fidia, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumpeleka Komando popote. Nikamfungua kwenye tenga mwenyewe, uso nimeugeuzia pembeni.

Lakini msamaha hautibu kifua, na hili ndilo nataka mlishike. Tulirudi kwenye masharti tukayakaza. Mlango wa chumba changu ukawekewa kitasa. Dawa navuta kama nilivyoelekezwa, niwe nimebanwa au nisibanwe, na daktari namwona. Mungu ni mwema, sijabanwa vile tena. Ingetokea ningetimiza ahadi, na ninyi mkiambiwa na daktari kwamba paka aondoke, mpeni mtu mwema, wala si dhambi. Miguu yangu nayo ikapata soksi za sufu. Alizileta mke wa shemasi, akaziacha tu mlangoni.

Mpaka wenyewe Baba Eliufoo aliupanda upya kwa kipande cha shina, akaenda mbele akarudi nyuma mpaka akaridhika. Mimi naapa ameuweka upande wake kidogo, kanipa ardhi ya upana wa sufuria moja. Sikumwambia kitu zaidi ya aika, ambayo ndiyo asante yetu. Kipande kilichobaki tukakipanda kando ya mlango wa jiko. Ndilo hilo mnaloliona, sasa linanizidi urefu, na Komando anajikunia mgongo hapo.

Nina mengi ya kushukuru kuliko ya kulalamikia. Mzee aliyenifundisha kuangalia panapolaliwa. Jirani mwenye pikapu. Hata huyu dume mzee, kwa maana alimtunza mtoto wangu siku ambazo mimi sikujua nimtunzeje.

Mwezi uliopita Ndeshi ameondoka kwenda sekondari ya bweni. Alinipa maagizo uani kama mimi ndiye mtoto: kanga ya Komando itundikwe nje, inhela ikae mfukoni, asiingie ndani hata mvua ikinyesha. Baba Eliufoo anapiga honi. Nikasema, nenda, utachelewa. Akainama, nikadhani anafunga kamba ya kiatu. Akaingiza vidole kwenye soksi zangu, akanishika miguu.

"Iko moto, Bibi," akasema. Ndipo akabeba begi lake.